Fundo Ndani ya Soksi

Kazi yangu ni kuwapikia nzi.
Usicheke. Chuoni Szeged, ghorofa ya chini,
sufuria yangu huingia lita arobaini:
unga wa mahindi, hamira, molasi nyeusi,
mwiko mrefu kuliko mwanangu.
Wasomi hupita mlangoni wakinitania,
"Piroska, leo umeunguza?"
Sijaunguza. Miaka kumi na tisa sijaunguza.

Uji ukipoa namimina chupani,
naziba kwa pamba, napandisha juu
kwa Daktari Hajnalka na hadubini yake.
Huko nzi hulazwa usingizi kwa gesi,
wakageuzwa kwa brashi ya kuchorea,
mmoja mmoja, taratibu,
kama mtu apanguaye vumbi kwenye kope za mtoto.
Macho mekundu, huku. Macho meupe, kule.
Kalamu yaandika.

Siku moja aliniita nitazame.
"Babu yao alikuwa na macho meupe.
Binti zake wote, mekundu. Ungeapa jambo limekwisha.
Sasa hesabu wajukuu madume."
Nikahesabu. Nusu yao walinitazama
kwa macho kama punje za mchele.
"Lilikuwa wapi muda wote huo?"
"Kwa mama," akasema. "Alilibeba bila kuliona."

Nikashuka ngazi nimeshika ukuta.

Baba yangu, Vendel, alichambua pilipili kiwandani
miaka thelathini, nyekundu huku, kijani kule,
na nyekundu hakuijua.
Kwake shamba zima la Septemba lilikuwa tope moja.
Ujanani alitaka kuendesha treni;
wakamwonyesha taa mbili, akaona moja mara mbili,
wakamrudishia kofia yake.
Basi akakiajiri kidole gumba:
iliyoiva hubonyea, mbichi hukaidi.
Na pua, pua pia ilikuwa kazini.
Msimamizi alimzika bila kujua.
Mama alijua. Ndani ya kila soksi ya kijani
alishona fundo dogo la uzi,
mume asiende kanisani na miguu ya rangi mbili.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu husema,
lakini nyoka huyu alipita ndani yangu
asiache hata mburuzo,
mimi nionaye kila wekundu uliopo duniani.

Nina wana wawili, Botond na Zalán.
Nusu ya madume.

Botond alichora mto Tisza na miti ya kahawia,
majani ya kahawia, nyasi za kahawia.
Mwalimu akaandika pembeni: Awe makini zaidi.
Jumamosi sokoni nilimkuta mbele ya kapu la pilipili:
akaibonyeza moja kwa kidole gumba,
akainusa, akairudisha. Akachukua nyingine.
Zote alizonipa zilikuwa zimeiva.
Babu yake hawakuwahi kuonana.

Nikamuuliza daktari, na hilo je,
liko kwenye kromosomu gani?
Akacheka, akafuta kioo cha hadubini,
akafuta tena palipokwisha kutakata.
"Hilo halimo, Piroska."

Jioni, jikoni kwangu,
nilikifumania kidole gumba changu
kikibonyeza nyanya, nyekundu,
nyekundu ambayo hata mlevi angeiona gizani.
Kilikuwa kinatafuta nini?
Tangu lini? Sikumbuki kufundishwa.
Wala sikumbuki kumfundisha mtu.

Usiku nilitunga uzi sindanoni.
Fundo dogo, kwa ndani, lisimkere mguu.
Botond alilipapasa, hakusema kitu, akavaa.
Zalán alikuwa amesimama pale, peku,
Zalán anayeona kila kitu,
akaninyooshea soksi zake mbili:
"Na mimi, Mama. Na mimi nishonee."